Kabla Hujafungua Blogu Kibondo, Andika Majina Kumi

Chukua daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza andika majina kumi ya watu unaoweza kuwafikia kwa bodaboda kabla ya chakula cha mchana, na ambao wangekubali kukutumia shilingi elfu kumi kila mwezi kwa sababu ya kitu utakachokuwa unaandika. Usiandike Google. Usiandike kampuni ya simu. Andika mwenye duka la pembejeo, mama anayefungasha asali, mwenye gesti karibu na stendi, fundi wa sola, dalali wa maharage unayemjua mpaka jina la baba yake. Ukikwama kwenye jina la nne, umeshapata jibu lako kwa leo, na hujamaliza hata bando.

Nimeanzia hapo kwa sababu swali huja kila likizo, hasa kutoka kwa walimu vijana wa Kasulu na kwa waliomaliza chuo wakarudi nyumbani kusubiri ajira: blogu bado inalipa, au muda wake umepita? Inalipa. Inaweza kukuongezea juu ya mshahara au juu ya shamba kiasi cha ada ya mtoto, na msimu ukikubali, zaidi ya hapo. Ila hailipi kwa njia ile ambayo wengi huifikiria, na huko ndiko vijana wengi hupotezea mwaka mzima.

Hesabu ya Google

Njia wanayoifikiria ni hii: unaandika, watu wanasoma, Google inaweka matangazo kupitia AdSense, hela inaingia umelala. Mfumo upo na ni wa kweli. Kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha zinazokubaliwa na AdSense, watu wakawa wanachomekea Kiingereza cha kuungaunga ili wapite. Siku hizi kimo kwenye orodha. Mwenye tovuti hubaki na takriban asilimia 68 ya anacholipa mtangazaji, na tangu 2024 malipo huhesabiwa kwa tangazo kuonekana, hata kama hakuna aliyelibofya.

Sasa weka namba. Tuseme kila kurasa elfu moja zinazofunguliwa zinakuletea dola moja. Blogu yako changa inafunguliwa kurasa 200 kwa siku, na kwa mtu wa Kibondo hizo si chache. Kwa mwezi ni kurasa 6,000, yaani dola 6. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni elfu kumi na tano. Tena AdSense haikutumii kitu mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo utasubiri karibu miezi 17 upate shilingi 250,000, na benki nayo ikate chake kwa kupokea fedha kutoka nje. Kibarua wa kupalilia maharage hawezi kukubali mkataba wa namna hiyo.

Halafu kuna habari ya barua. Salio likifika dola 10, Google hukutumia kwa posta ya kawaida barua yenye namba ya siri, kuhakikisha kwamba unaishi unakosema unaishi. Huku kwetu wengi hatuna sanduku, tunaazima S.L.P. ya shule, ya parokia, ya ofisi ya mjomba. Mimi niliazima ya shule. Nikangoja wiki nne, nikaomba barua nyingine, nikangoja tena. Siku moja mwalimu wa zamu akanisimamisha kwenye baraza: "Mwalimu, kuna bahasha zako kule ofisini, zimeandikwa Kizungu, tulidhani ni za mradi." Zilikuwa mbili, zote zimekaa ndani ya faili la ujenzi wa vyoo. Miezi minne ikipita hujaingiza namba hiyo, matangazo husimama. Kama bado unataka kujaribu AdSense, kodi sanduku lako, au mapema kabisa ongea na yule anayechukua barua za sanduku unaloazima. Jina la akaunti liwe sawasawa na la kitambulisho cha NIDA na la benki, herufi kwa herufi. NMB wana tawi Kibondo. Ukiombwa msimbo wa SWIFT, wao ni NMIBTZTZ.

Tatizo la tatu ndilo zito kuliko yote. Mei 2024 Google ilianza, kwanza Marekani kisha kwingineko, kuweka juu ya matokeo jibu lililotungwa na akili mnemba. Aliyeuliza "faida za asali mbichi" analisoma hapohapo na kuondoka. Tovuti zilizotoa maelezo hayo hazimwoni. Kabla ya hapo, Septemba 2023, Google ilibadilisha namna inavyopanga matokeo, na tovuti nyingi ndogo za watu binafsi duniani ziliporomoka, zikiwemo za watu waliokuwa wamezifanya ajira. Kwa hiyo zile makala za "faida kumi za" na "mambo saba ya kuzingatia" zilizojaa kwenye blogu zetu hazina tena wa kuzifungua. Usiandike hata moja.

Waliotangulia

Ndesanjo Macha alifungua blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, Kiswahili kikiwa bado hakijazoeleka mtandaoni. Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alianza yake Septemba 2005 akiwa Helsinki mkutanoni, Ndesanjo akimwelekeza. Watanzania walioko nje wakaifanya sebule yao: harusi, misiba, uteuzi, nani kaonekana na nani. Ndesanjo kazi hiyo ilimfikisha kwenye uhariri wa Global Voices, akishughulikia Afrika kusini mwa Sahara. Kenya, Jackson Biko wa Bikozulu anauza vitabu vyake na anafundisha madarasa ya uandishi, na watu wanamjua kwa sababu ya blogu. Kila mmoja alijulikana kwa jambo lake, na mwenye shida na jambo hilo akajua mlango wa kubisha hodi. Hao ni watu wa majina makubwa, najua. Ila kanuni hiyo inafanya kazi hata jina lako likiishia Kakonko.

Twende Mabamba

Tafuta mtandaoni bei ya maharage Mabamba. Utaletewa Dar es Salaam, utaletewa Arusha, pengine utaletewa Nairobi. Mabamba yenyewe, gulio letu la mpakani na Burundi, haipo. Hapo ndipo pana hela yako.

Andiko langu lililonilipa kuliko yote nililiandika kwa mizani. Nilikuwa nimechoka kusikia bei za debe, maana debe la muuzaji huyu si debe la yule. Nikabeba mizani ya ndoano, ya kuning'iniza, nikamwendea mama mmoja ninayemfahamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kununua au kuandika?"

"Kuandika. Naomba unipimie debe kama unavyompimia jirani, halafu lingine kama unavyompimia mwenye lori."

Akacheka, akafunga khanga vizuri. Debe la jirani alilisawazisha kwa kiganja: kilo 16 na robo. La mwenye lori lilijazwa mpaka likafanya kichuguu, akakizingira kwa mikono miwili ili maharage yasimwagike, nami nikaning'iniza polepole: kilo 19 kasoro kidogo. Bei ni ileile. Na hayo ya kichuguu ndiyo huishia kwenye lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu, ambalo Wakala wa Vipimo wanalipiga vita kila mwaka. Gunia halali halizidi kilo 100. Nilichapisha picha mbili za madebe mawili, uzito wa kila moja, na bei ya siku hiyo ikiwa imegeuzwa kuwa ya kilo. Maneno hayakufika mia tatu. "Andika ya kwetu, usiandike ya dalali," mama aliniambia nikiondoka.

Wiki iliyofuata nikapigiwa na mnunuzi wa Kahama. Habari za blogu hakuwa nazo. Kaka yake ndiye aliyemtumia picha ile. Alichotaka ni mtu wa kumwambia bei ya kilo kabla hajatia mafuta kwenye Fuso. Tukakubaliana elfu ishirini kwa mwezi wakati wa msimu, nami jioni ya kila gulio namtumia ujumbe: Mabamba kiasi gani, Kibondo mjini kiasi gani, Busunzu kiasi gani, mvua imenyesha au la, lori zilikuwa ngapi. Sasa wako wanne wa namna hiyo. Kwenye blogu bei za wiki iliyopita ni bure kwa kila mtu. Za leo wanazilipia.

Angalia jambo moja hapo: mkulima hakulipa. Usimtoze mkulima. Yeye ndiye anayekupa habari, na siku akihisi unamuuza kwa dalali, atakupa bei za uongo na hutajua. Mimi kila jioni ninapowatumia wanunuzi, namtumia na yule mama, bure, bei ya Kahama.

Kwa nini haya yote yasiishie WhatsApp? Kwa sababu ujumbe wa WhatsApp huzama. Blogu inabaki, na baada ya misimu mitatu unakuwa na kitu ambacho hata ofisi ya kilimo itakuomba: bei za gulio moja, wiki kwa wiki, zilizopimwa na mtu mmoja kwa mizani moja. Chaneli ya WhatsApp itumie kuita watu, halafu wapeleke kwenye blogu. Na usijenge nyumba yote kwenye uwanja wa mtu. Waliokuwa wamekusanya wasomaji wao kwenye mtandao wa X peke yake, Mei 2025 ilipofungwa nchini, walibaki wanafundishana kutumia VPN.

Asali, barabara na walioko mbali

Maharage ni mfano tu, ingawa kwa Kibondo na Kasulu ni mfano mkubwa. Asali nayo ina nafasi yake. Mashariki mwetu kuna misitu inayoendelea hadi Moyowosi, na wafugaji nyuki wetu wana mizinga ambayo mteja wa Dar es Salaam hajawahi kuiona. Anachokijua ni chupa ya dukani na hofu ya kuuziwa sukari guru. Mwonyeshe mzinga ukishushwa. Mwambie mwezi gani mlirina na maua gani yalikuwa yamechanua. Mweleze kwa nini ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu na bei yake iko juu. Kisha weka namba ya simu na bei ya chupa, pamoja na nauli ya kifurushi kwa basi. Tuseme unabaki na faida ya 3,000 kwa chupa na unauza chupa 25 kwa mwezi: hizo ni 75,000, sawa na kile ambacho Google ingekuhesabia kwa miezi mitano. Hapo blogu ni dirisha la duka. Kabla ya kubandika lebo, pita SIDO Kigoma wakuelekeze utaratibu wa TBS kwa wajasiriamali wadogo.

Kwa Kasulu na Buhigwe ningeandika kahawa na ningeandika ujenzi. Nasema ujenzi kwa maana hii: watu wa Heru Juu na Msambara walioko Dar, Mwanza na ng'ambo wanajenga nyumbani, na wengi wamelizwa na ndugu aliyekula saruji. Blogu inayotoa bei ya tofali la kuchoma, ya mchanga, ya bati la geji 30, na siku za fundi, kila mwezi, kwa Kasulu tu, itakuletea simu za watu wanaotaka ukawapigie picha msingi. Hiyo ni kazi ya malipo. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu nayo ina wasomaji wake: nauli, saa za mabasi, wapi lami imefika na wapi mvua ikinyesha mnashuka kusukuma. Haitakulipa moja kwa moja, lakini mwenye gesti ataielewa haraka.

Kuna msomaji mwingine usiyemwona gulioni. Kuanzia 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi waliokuwa wamekimbia kwao mwaka 1972 na kuzeekea kwenye kambi za huku, na baadaye Wakongo wengi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996. Watoto wao walikulia Makere na Kibondo, wanasoma Kiswahili, na wanautafuta mji huu mtandaoni usiku wa kwao. Kama kuna siku AdSense itakupa kitu, itakupa kupitia hao, kwa sababu mtangazaji humlipia msomaji wa Marekani mara nyingi zaidi ya anavyomlipia wa Kahama. Wawekee picha za stendi, shule, soko lilivyobadilika. Ila kambini usiingie na kamera bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na picha ya mkimbizi usiichapishe hata kama amekuruhusu kwa mdomo.

Nafasi za kazi niziseme kwa ufupi, maana ndiko wengi hukimbilia. Ni kweli blogu za matokeo ya NECTA na za "walioitwa kwenye usaili" hupata wasomaji wengi sana. Ni kweli pia kwamba ziko mamia, zinanakiliana neno kwa neno, na kurasa za Sekretarieti ya Ajira na NECTA zenyewe ziko wazi. Wapo waliotegemea matangazo ya kazi za mashirika ya kambini peke yake. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021 walibaki na ukurasa mtupu. Kama una mzizi ndani ya mashirika hayo na unapata tangazo siku mbili kabla ya wenzako, sawa. Kama huna, acha.

Hela inaingiaje

Rudi kwenye daftari lako. Andika maandiko nane kwanza, uyachapishe, ndipo uende kwa watu wale kumi. Ukienda mikono mitupu utaambiwa "njoo kesho" mpaka uchoke. Nenda na simu, mfungulie mwenye duka la pembejeo andiko lako la mbegu za Lyamungo 90, mwonyeshe maswali yaliyoulizwa na wakulima chini yake, kisha nyamaza kidogo. Mwenyewe atauliza: "Na mimi unaweza kuniweka hapo?" Hapo ndipo unapotaja bei.

Bei isizidi kile anacholipa kwa gari la matangazo kupita mtaani mara moja. Elfu ishirini kwa mwezi kwa duka la mjini si matusi. Wanne wakikubali, una 80,000 kila mwezi, na hujaomba ruhusa ya mtu Ulaya. Chukua Lipa Namba au tumia namba yako ya kawaida, lakini hela itangulie. Mwenye nyumba moja ya wageni alinilipa kwa ahadi miezi mitatu mfululizo. Kila nikipita ananiagizia soda, na soda ile ndiyo malipo pekee niliyopata. Siku nilipoondoa tangazo lake, ndugu zake wakaninunia mpaka Pasaka. Tangu hapo mwezi haujalipwa, tangazo halipandi, awe shemeji awe nani.

Tangazo la kulipiwa liandike kwamba ni tangazo. Ukisifia mbegu kwa sababu umelipwa, na mbegu ile isiote, hutauza tena hata asali.

Kuna hela nyingine ambayo hutaiandika kwenye majina kumi, kwa sababu humjui mwenye kuitoa. Mtafiti anayekuja Kigoma hutafuta mtu wa kumwelekeza na kumtafsiria Kiha. Gazeti hutafuta mwandishi wa kujitegemea mwenye picha. Mradi wa kilimo hutaka kipeperushi kiandikwe Kiswahili cha mkulima, si cha semina. Hao wote hukutafuta kwa jina baada ya kusoma. Kwa ajili yao weka ukurasa mmoja wenye jina lako, picha yako, unachoweza kufanya, na simu. Ukurasa huo wa "Kuhusu mimi" wengi huuacha na maneno ya mfano yaliyokuja na programu. Nimeona blogu ya mtu makini kabisa ikiwa na anwani ya mtaa wa New York.

Malipo kutoka nje yafikirie mapema. PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipa, si ya kupokea, na Stripe haijafungua mlango kwetu, kwa hiyo majukwaa ya kuuza usajili wa jarida kama Substack yatakukwamisha mwishoni. Mteja wa nje mwambie atume benki au kwa huduma inayofika M-Pesa. Risiti zitunze. Chukua TIN, bure, na ujue kwamba Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui ya mtandaoni. Kampuni ikikukata, dai cheti cha makato.

Sheria

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatisha wengi, na kwa haki: shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni, milioni moja nyingine kila mwaka, na ukikiuka ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Juni mwaka huo hata JamiiForums ilijizima kwa muda. Zikaja kanuni nyingine mwaka 2020, kisha marekebisho yaliyopunguza ada na kuelekeza leseni zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Bei za gulio, kilimo, nyuki na ujenzi viko mbali na moto huo. Ajali, siasa na "habari zilizotufikia hivi punde" viko ndani yake. Kaa nje. Na kabla ya kuchapisha chochote kinachofanana na habari, andikia TCRA uulize kwa maandishi, majibu uyahifadhi. Picha na namba za watu nazo zina sheria yake, ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Yule mama wa maharage picha zangu zinaonyesha mikono yake tu, na ndivyo alivyotaka.

Vifaa

Huhitaji kompyuta. Simu inayopiga picha isiyo na ukungu, mizani ya ndoano, na Blogger ya bure vinatosha miezi mitatu ya kwanza, domeni ya .co.tz inunue ukishalipwa na mtu wa kwanza. Umeme si kisingizio kama zamani, tangu gridi ya Taifa ifike mwaka 2022 na majenereta ya dizeli kupumzishwa, ila chaja ya akiba ibaki mfukoni. Picha zipunguze ukubwa kabla ya kupandisha, kwa sababu msomaji wako naye yuko kwenye bando la siku na kurasa nzito anazifunga. Namba za wateja ziandike kwenye daftari pia. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wanunuzi wangu niliwapigia simu ya kawaida kila jioni, na mwisho wa mwezi wote walilipa.

Muda ujipimie hivi: saa nne siku ya gulio, saa mbili za kuandika, saa moja ya kuzungukia wanaolipa. Ikizidi hapo, shamba au darasa litaanza kudai.

Mwezi wa tatu ukiisha, fungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Weka alama kwa kila jina lililokutumia hela, hata mara moja. Wakiwa watatu au zaidi, endelea, na majina mengine ongeza chini yao. Wakipungua, domeni usiinunue. Bei zako zihamishie kwenye chaneli ya WhatsApp uzitume ukijisikia, na mizani mpelekee mama wa Mabamba. Ataitumia.